Sakafu ya Boti ya Okech

Jumatatu, 4 Agosti

Boti imefika kwetu Pasiansi, ufukweni mwa ziwa! Ya faiba, nyeupe, mkono wa pili. Imekula cherehani yangu na mbuzi wote. Mwanangu Okech atabeba abiria wa visiwani, jioni anarudi kula ugali wangu. Machimbo ya dhahabu atayasahau. Wiki iliyopita alisema Jumapili hii anapanda basi aende kuchimba. Mashimo yale yanafukia watoto wa watu! Nikaenda kutafuta boti.

Nilipopanda, sakafu ilibonyea kama godoro. Mzee Otuoma aliyeniuzia akasema boti za kisasa ndivyo zilivyo, laini kwa miguu ya wageni. Nikamshukuru.

Jumanne, 5 Agosti

Fundi Yeremia amekuja. Kagonga sakafu na nyundo. Mbele inalia ko, ko. Katikati inalia pu, pu. Anasema juu ni faiba, chini yake mbao, na maji yamepenya kwenye matundu ya skrubu za viti, mbao zimeoza zimekuwa uji. Dawa ni kukata faiba ya juu, kukwangua uozo wote, kuacha pakauke, kupanga plaiwudi mpya, kisha faiba nyingine juu. Wiki tatu, Mungu akipenda.

Wiki tatu! Na Okech anaondoka Jumapili! Tena aikate boti ya mwanangu kama tikiti? Nikasema nitafikiri. Akasema basi mtu asiipande kwanza. Mafundi wana maneno.

Jirani yangu Mama Obedi alikuwa pale anaanika dagaa. Obedi wake ana boti ya mbao, ndiyo maana anajisikia. Akauliza kwa sauti kama hiyo ni boti au kitanda, alete shuka. Wanawake wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Moyoni hapana.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata akili! Kule Rorya nyumba ya mama mkwe nani alikuwa anaisiriba? Mimi! Mavi ya ng'ombe, majivu, udongo wa kichuguu, mkono unazunguka mpaka sakafu inang'aa. Ukoo mzima ulinisifu. Na sakafu ni sakafu.

Nimejaza ndoo mbili kwa Kija, mfuga ng'ombe. Akauliza kama najenga. Nikasema ndiyo. Nimetoboa faiba kwa msumari, nikashindilia ndani, nikasiriba juu. Jua la Agosti halina mchezo. Kesho rangi ya mafuta, nyeupe.

Ijumaa, 8 Agosti

Haibonyei! Nzi ni wengi, lakini nzi hawana uzito.

Nikamwita Mama Obedi aje akanyage. Akagusa kwa kidole gumba cha mguu, akanusa, akauliza, "Mama Okech, hii boti unaiendesha au unaifuga?" Wivu tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Gauni bado lina damu. Naandika hivyo hivyo.

Nilimpeleka Okech ufukweni, nikamwambia, hii ni yako, baba. Akanikumbatia mbele za watu, mwanaume mzima mwenye ndevu. Obedi akamsaidia kuisukuma majini. Wimbi likaruka ndani. La pili. Rangi ikachanika, na sakafu yangu ikarudi kuwa mavi. Okech keshapanda, akapiga hatua anipe mkono na mimi nipande. Mguu ukazama mpaka paja. Faiba ikamkata kama wembe.

Damu na mavi kwenye kidonda kimoja, Bwana Yesu!

Hospitali wamemsafisha, wamemchoma sindano ya pepopunda, wamemshona. Daktari aliuliza mavi ya ng'ombe yamefikaje kwenye boti. Okech akasema hajui. Anajua. Mama Obedi alikuja na khanga yake, akamfunga mguu, akaubana njia nzima mpaka hospitali. Hakutania hata kidogo. Afadhali angetania.

Jumapili, 10 Agosti

Basi limeondoka stendi ya Buzuruga bila Okech. Nilichotaka nimekipata, na siwezi kumtazama. Kalala, mguu juu ya mto. Kila akigeuka anaguna.

Nilipompelekea uji uliobaki kwenye chupa akauliza kwa nini boti. Nikasema biashara. Akasema, "Mama, si ungeniambia tu unaogopa? Si ungeniambia nibaki?"

Nikakimbilia jikoni kulia. Favour, mdogo wake, akauliza nina nini. Nikasingizia moshi. Moto wenyewe nilikuwa sijawasha.

Jumatano, 20 Agosti

Nyuzi zimetolewa. Anachechemea kidogo. Jioni kavuta kigoda, kakaa mbele yangu. Anasema Jumatatu anaondoka, labda kama mama ana neno. Akasubiri. Alisubiri kweli kweli, mtoto wa watu.

Neno lilikuwa mdomoni. Moja tu. Baki.

Nikafungua mdomo. Nikamwambia kuna bajaji inauzwa Mirongo, mkono wa pili, nzuri sana, breki tu ndiyo zinasumbua, lakini mwenyewe anasema dereva mzuri hashiki breki ovyo.

Okech alinitazama. Akasema, "Haya, Mama." Akainuka, akaingia chumbani kwake. Namsikia anakunja nguo.

Kesho asubuhi nawahi Mirongo. Isije ikachukuliwa.