Aliyeposa Wifi

Kolwezi nzima, mji wa migodi huko Kongo, inaishi kwa sepetu, lakini Kabasele hakuwahi kulishika. Kitu kimoja tu alikinunua kwa jasho lake halali: pikipiki nyekundu, aliyoipenda kuliko binadamu yeyote. Siku alipoona dishi la intaneti juu ya bati la Mama Ngalula, mjane wa mtaa wa Dilala, aliisimamisha pikipiki akawaza kwa unyenyekevu wa mtu aliye kanisani. Kasanduku kamoja ka wifi kanalisha vifaa ishirini, na majirani wote wanamaliza mishahara yao kwa kununua mega za intaneti!

Kilichobaki ni namba ya siri. Muuza vocha wa kona alimwambia mama ana binti anayeishi mji wa Likasi, jina lake Blandine. Jioni hiyo Kabasele alipiga magoti sebuleni.

"Mama, mi nakuya juu ya Blandine. Nataka kumuoa."

"Karibu, mukwe!"

Kwa Wakasai kama Mama Ngalula, mkwe hanyimwi chakula, hanyimwi maji, na siku hizi hanyimwi wifi. Ila naye hamnyimi mama mkwe kitu, na hilo Kabasele alilipuuza.

Alipopewa namba ya siri, wiki ile ile akajiita Directeur, yaani mkurugenzi, wa mtandao. Akaunganisha televisheni ya jirani Philippe, kompyuta ya duka la dawa na simu kumi na mbili, akiandika namba kwa kidole kimoja huku mkono wa pili umeifunika. Kila kifaa dola kumi kwa mwezi, na onyo la bure: mama mwenye nyumba ana presha, asisumbuliwe kwa maswali.

Jumatatu mama mkwe alitaka mbuzi. Jumatano akataka mfuko wa unga. Kabasele alileta huku akicheka moyoni. Ijumaa mama akasema:

"Mukwe, bajomba ya Blandine banakuya dimanche. Leta ile pikipiki, tuandike karatasi ya mahari. Bila ile, ndoa hapana, na kode ya wifi nitabadirisha."

Kabasele aliitazama pikipiki yake, akataka kukataa. Lakini majirani walishalipa hata mwezi ujao, na pesa alishazila. "Jumatatu usiku nitaiiba," alijifariji, na Jumamosi akaileta, akatia sahihi karatasi mbele ya mchungaji wa mama.

Jumapili wajomba walifika. Blandine naye alifika, mtoto mgongoni, na mume kando yake.

"Mama! Iko na bwana?" Kabasele alimaka.

"Miaka ine sasa. Haukuuliza. Wewe unauliza kode tu."

Mama Ngalula akavaa miwani, akafungua simu yake na kusoma orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye wifi yake: "Télé ya Philippe. Ordinateur ya pharmacie. Batelefone kumi na mbili. Mutoto, miaka makumi tatu nilikuwa standardiste ya kampuni, mwenye kuunganisha simu. Simu zote za muji zilipita mu mikono yangu, nilijua nani anaongea na muke ya nani. Ulizani nitashindwa na kasanduku kamoja?"

"Basi unirudishie pikipiki yangu!"

"Enda kwa polisi na karatasi. Ubaelezee ulikuwa unauzisha nini."

Akabonyeza simu mara moja, wifi ikakatika. Mtaa ukalipuka kwa matusi. Mume wa Blandine aliipiga pikipiki kiki, ikawaka papo hapo, akatoka nayo kuijaribu barabarani, na Kabasele alilia machozi ya kweli kabisa.

Mara geti likagongwa kwa ngumi. "Directeur! Télé yangu imekufa, na mechi iko inaanza!"

"Ingia, tata Philippe," alijibu Mama Ngalula kwa upole. "Directeur iko hapa. Leo hana na pikipiki ya kukimbilia."