Mama Si Mali ya Muungano

Linden, Columbus, Ohio

Kwa Yaya Laurentine, mzaliwa wa kwanza wa nyumba yetu, ambaye kwa hiari yake mwenyewe amejifanya Serikali Kuu, South End, Louisville, Kentucky.

Nakala kwa mdogo wetu Aksanti, East Side, Buffalo, New York, asome kisha akae kimya.

Yaya,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na ukiwa umeketi, kwa maana haifai kusomwa na mtu aliyesimama. Jirani yangu Wanza, Mkenya aliyekuja huku kusomea uuguzi na ambaye amenisaidia kusahihisha Kiswahili changu, alipoliona neno la kwanza aliniuliza kwa nini namwandikia yaya barua ndefu namna hii, na ni watoto wa nani anaowalea. Nikamweleza kwamba kwetu Bukavu yaya ni dada mkubwa, si mtu wa kuajiriwa aogeshe watoto. Akasema, "Lakini huyu si anawalea nyinyi wote?" Swali lake ndilo kiini cha malalamiko yangu.

Unakumbuka kwamba tulipotoka kambi ya wakimbizi waliohusika walitugawa kama karata: wewe Kentucky, mimi Ohio, Aksanti New York. Tulilia. Lakini tangu nianze kusomea mtihani wa uraia nimefumbuka macho. Hatukutawanywa, Yaya. Tuliundwa kuwa shirikisho! Na katika shirikisho, kama kila mtahiniwa anavyotakiwa kujua kabla ya kuinua mkono na kuapa, kuna mambo ya taifa na kuna mambo ya majimbo, na hakuna ruhusa ya mtu kutia mwiko katika chungu cha mwenzake. Ya taifa ni kuchapisha pesa, kutangaza vita, kuunda jeshi na kufanya mikataba na nchi za nje. Ya majimbo ni shule, polisi, zimamoto, leseni za udereva na matumizi ya ardhi. Nimesoma orodha hiyo mbele na nyuma. Hakuna mahali palipoandikwa: kuamua Mama akae wapi.

Kwa hiyo ile amri uliyoitoa Jumapili kwa sauti katika kikundi chetu cha WhatsApp, "Bon, donc Mama ataenda kukaa kwa Aksanti, point final," yaani mjadala umefungwa, ni batili. Mama anakaa kwangu, nami nilipinga papo hapo. Niliandika: Jimbo la Columbus halikubali. Nawe ukajibu, "Kama jimbo haikubali, mwambie askofu." Yaya! Nilikuwa nimekwisha kunoa jibu la kukata shingo kabla sijatambua kwamba ulidhani nasema habari za kanisa. Nakiri kwamba nilipaswa kuandika Ohio. Lakini wewe hukuuliza. Ulikwenda moja kwa moja parokiani kwenu, na mpaka leo kuna wamama huko South End wanaosali novena kwa ajili ya mgogoro wa Jimbo Katoliki la Columbus, ambalo, kwa kadiri ninavyojua, lina amani tele. Wanza naye amenionya nisilitumie neno hilo hata kidogo. Anasema kwao Kenya ukitaja majimbo watu wanaanza kufunga mizigo wakiogopa kufukuzwa. Nikamwambia, hapa kwetu mizigo imekwisha kufungwa, na ni ya Mama.

Sasa nayaweka malalamiko yangu kwa utaratibu, ili usiseme kwamba napayuka.

1. Kuhusu kuchapisha pesa. Huna mtambo. Mimi pia sina. Tuendelee.

2. Kuhusu vita. Hili nakubali ni lako, na hapo hapo ndipo unaponiumiza. Ulipokosana na Karaha, shemeji yake Aksanti, kwa sababu ya nani alistahili kukaa meza ya mbele siku ya ubatizo wa mtoto wa Aksanti, ulitangaza vita. Sawa, katiba inakuruhusu. Lakini Karaha haishi Louisville. Anaishi hapa Linden, mtaa wa pili kutoka kwangu, na ndiye aliyekuwa akinipeleka kazini ghalani kwa gari lake. Mimi, jimbo la mstari wa mbele, nikaacha kumsalimu kwa utiifu wangu kwa taifa. Sasa naenda kazini kwa mabasi mawili. Kila asubuhi Karaha ananikuta kituoni, anapunguza mwendo, anateremsha kioo na kuuliza kwa adabu zote, "Mulamu," yaani shemeji, "vita itaisha lini?" Makao makuu hayajanipa taarifa yoyote ya kijeshi. Juzi mvua ilikuwa inanyesha na alikuwa na kiti kitupu chenye joto. Nilikitazama kiti kile kama askari anavyotazama nchi yake kwa mbali.

3. Kuhusu matumizi ya ardhi. Hili ni la jimbo, halina mjadala. Hata hivyo ulipokuja Pentekoste uling'oa maua ya mke wangu Jolie nyuma ya nyumba ukapanda lengalenga, mchicha wa kwetu. Jolie alipouliza sababu ulimjibu, "Maua inakuliwa?" Lengalenga zimeota. Ni laini, ni tamu, tunazila karibu kila jioni na watoto wanaongeza. Hilo halibadilishi kitu. Dhuluma iliyopikwa vizuri kwa mawese inabaki kuwa dhuluma.

4. Kuhusu zimamoto. Mama akikaanga sambaza, wale dagaa wa kwetu, king'ora cha moshi kinalia. Wewe ulikisikia kwenye simu, ukiwa Louisville, ukaagiza betri itolewe. Yaani uliondoa ulinzi wa moto katika jimbo ambalo huna hata stuli! Na hukujua kwamba king'ora kile ndicho kilichokuwa kikiwaita watoto mezani. Siku ile betri ilipotolewa, sambaza zilipoa, kila mtu akabaki chumbani kwake akingoja nyumba ilie. Nimeirudisha betri. Ukitaka, nishtaki.

5. Kuhusu Mama mwenyewe. Unasema Mama anashinda peke yake. Ni kweli kwamba mimi na Jolie tuko ghalani kwa zamu. Ni kweli kwamba watoto wakirudi shuleni anawauliza kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, kama wameshiba, nao wanamjibu kwa Kiingereza, na yeye hajui kama hiyo ni ndiyo au hapana, basi anawapakulia tena. Ni kweli kwamba anazungumza na televisheni. Lakini hebu njoo umsikilize: anabishana na yule mtabiri wa hali ya hewa, na mara nyingi anayepatia ni Mama. Unasema mimi nikifika nyumbani nasema naye Mashi kidogo kisha nasinzia na kijiko mkononi. Hilo nalo ni kweli, lakini limeletwa kwa nia mbaya. Unasema kule Buffalo, karibu na kwa Aksanti, kuna wamama wa Kibashi wanaokutana kila wiki kusali, kushona na kusengenya watu kwa Mashi safi, na kwamba Mama angepata wa kuzungumza naye kabla hajasahau kuzungumza.

Hizo zote ni hoja za moyo. Mimi naleta hoja za sheria.

Itazame barabara. Kutoka hapa mpaka Buffalo ni lazima kupita Pennsylvania, ambako hatuna mtu. Mama akiona kiu pale, ataomba maji kwa mamlaka gani? Halafu kuna jambo zito zaidi, na usidhani sikuliona. Biashara inayovuka mpaka wa jimbo moja kwenda jingine iko chini ya serikali ya taifa. Mama anayetulia Ohio ni wa Ohio. Mama anayevuka mpaka anageuka biashara baina ya majimbo, na papo hapo anaangukia mikononi mwako. Mbinu ya kale hiyo! Ndivyo dola zote zilivyonenepa. Kwa hiyo nimeamua Mama asivuke. Jumatatu tulipompeleka kwa daktari nilimwomba dereva wa teksi asishike barabara ya kaskazini hata kwa bahati mbaya. Akauliza kama tunafuatwa. Nikamwambia, kikatiba, ndiyo.

Ukitaka tupige kura, sikatai, mimi ni mtu wa demokrasia. Ila kura zihesabiwe kwa idadi ya watu, kwa maana nina watoto sita na Aksanti ana mmoja ambaye hajaota meno. Ukiona hilo ni uonevu kwa majimbo madogo, basi kila jimbo liwe na kura sawa, mradi Jolie naye ahesabiwe kuwa jimbo.

6. Kuhusu suluhisho. Mimi si mtu wa kubomoa bila kujenga. Mji mkuu wa nchi hii hauko katika jimbo lolote. Waasisi waliona kwamba jimbo litakaloumiliki litajivuna kupita kiasi, wakaukatia kipande chake. Basi napendekeza chumba cha Mama kitangazwe kuwa wilaya ya mji mkuu. Kitabaki ndani ya nyumba yangu, lakini hakitakuwa changu, wala chako, wala cha Aksanti. Kitenge chake kile cha bluu kitatundikwa mlangoni kuwa bendera. Sote tutakuwa tukija kuhiji. Najua wakaaji wa mji mkuu hawana mbunge mwenye kura, na Wanza amenitajia hilo kama kasoro. Nikamwambia haidhuru. Katika mambo yote haya Mama hajaulizwa hata mara moja, hivyo hakuna atakachopoteza.

7. Kuhusu kitakachotokea ukikataa. Kila jimbo lina haki ya kuwa na mgambo wake. Wangu tayari upo. Ni Alliance, binti yetu wa mwisho, anayelala kitanda kimoja na bibi yake, na ambaye ametangaza kwamba yeyote atakayekuja kumchukua Bibi atang'atwa. Hayo si maneno yangu. Ni msimamo wa jeshi.

Nakuomba basi uifute amri yako kabla ya mwisho wa juma, uifute kwa sauti ile ile na katika kikundi kile kile, na useme wazi kwamba Louisville ina mipaka. Sikuandika haya kwa chuki. Naandika kwa sababu nimesoma, na aliyesoma akinyamaza mbele ya mtawala anayejitanua, kusoma kwake ni sawa na taa iliyofunikwa na ndoo.

Nakuaga kwa heshima yote ambayo dada mkubwa anastahili na serikali kuu haistahili. Nisalimie mulamu wangu na watoto. Wasalimie wanakwaya wenzako, na wale wamama wa novena uwaambie waendelee tu, maana sala haiharibiki. Aksanti, nakusalimu ukiwa kimya. Jolie anawasalimu nyote isipokuwa aliyeng'oa maua yake, kisha anasema hata huyo anamsalimu. Karaha simsalimu, kwa amri yako.

Ni mimi mdogo wako, asiyeasi bali anayetafsiri,

Marcellin
Gavana

Tanbihi. Yaya, nilipomaliza nilimsomea Mama barua hii yote, naitafsiri kwa Mashi kadiri ninavyoendelea, nikitumaini atanitia nguvu. Alisikiliza mpaka mwisho huku anamenya viazi. Pale penye mji mkuu aliinua kichwa, kisu mkononi, nikadhani amependezwa. Kisha akauliza, "Wale wamama wa Buffalo, wanakutana siku gani?" Nikamwambia nafikiri ni Jumatano. Akasema, "Bon. Basi nifike mbele ya siku hiyo, nisiingie kama mgeni wa kuchelewa." Halafu akaniuliza wanatoka wapi, huyu ni wa Kabare, huyu wa Walungu, huyu ni binti wa nani, na mimi sikujua hata jibu moja, naye akaendelea kuuliza tu, akicheka mwenyewe, mpaka maji ya viazi yakakauka jikoni. Sijamsikia akisema maneno mengi hivyo tangu majira ya baridi.

Kwa hiyo njoo Jumamosi asubuhi. Usitume mtu, njoo wewe. Njoo na gari kubwa, ana mizigo. Ukifika useme kwa sauti kubwa, Alliance akiwa hapo na asikie, kwamba hii ni amri ya taifa na kwamba baba yake alipigana na akashindwa. Mimi nitapinga kidogo pale mlangoni. Usinisikilize.