Nilivyoliamkia Jiwe Pangoni

Jamani, leo nimejiumbua mchana kweupe. Nasema mwenyewe kabla mawifi hawajaniwahi.

Mnajua mimi na Shabani tunaoana baada ya mavuno. Ila shangazi yake wa Msowero aligoma. Mwezi uliopita nilimpita sokoni Kilosa bila shikamoo. (Sikumwona. Hakuna aliyeniamini.) Na kwao, shangazi asipokuja, hakuna harusi.

Leo familia yao ikanialika kwenda kuona korongo la mawe ya chokaa na mapango yake, huko mbele ya Mikumi. Shabani akaninong'oneza garini: "Shangazi anakuja na gari jingine. Leo mwamkie hata mti." Nikaapa kwamba leo hanipiti mtu.

Korongoni nikapiga picha mpaka simu ikazima. (Ya tochi sikuyafikiria.) Nikaambiwa shangazi ameshatangulia pangoni. Nikakimbilia ndani, Shabani na mawifi nyuma yangu. Nimetoka juani, sioni kitu, mwongozaji yuko mbele na taa yake. Kulia kwangu nikaona mama mnene amekaa, kajitanda khanga. Nikapiga goti kwenye tope.

"Shikamoo shangazi."

Kimya.

"Shikamoo shangazi. Yale ya sokoni nisamehe, sikukuona."

Kimya. Hapo nikapandwa na hasira. (Ndiyo, ninazo.)

"Shangazi, hata kama umenuna, marahaba hanyimwi mtu."

Mwongozaji akageuza taa. Jiwe. Limelowa, maji yanalidondokea kutoka juu.

"Dada," akasema taratibu, "hilo limeota lenyewe. Halijawahi kumjibu mtu."

Mawifi wakacheka mpaka wakakaa chini. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, upande wa kushoto: "Na mimi niliyekaa hapa kupumzisha magoti, umenipita tena. Safari hii na mguu umenikanyaga."

Shangazi mwenyewe, jamani. Shabani akashika kichwa. Nilitamani kulia, lakini goti lilikuwa limeshalowa, aibu imeshaingia, nikaona liwalo na liwe.

"Shikamoo shangazi. Msamaha nimeshauomba pale kwa mwenzio, naomba mgawane."

Shangazi akaniangalia, akaliangalia jiwe, midomo ikaanza kumcheza.

"Marahaba. Harusini nitakuja. Nataka nione siku hiyo utaamkia nini."

Kwa hiyo harusi ipo, na atakayenicheka kadi hapati. Kadi yake nalipelekea lile jiwe. Leo nzima ndilo pekee lililonisikiliza mpaka mwisho bila kucheka.