Josho la Uji

Jamani, nimeaibika mbele ya Bunge. Si Bunge zima, kamati yake ya mifugo tu. Imetosha.

Mimi ni bwana mifugo hapa Sapiwi. Josho letu la kuogeshea ng'ombe halijaona dawa ya kupe tangu mwaka juzi. Siku hizi ni soko huria, wafugaji wajinunulie dukani, na ile ya ruzuku idara inatuahidi tu. Lakini kila robo mwaka naandika kwenye ripoti: "Josho linafanya kazi." (Mara ya kwanza niliandika kwa matumaini. Zilizofuata nilinakili.)

Saa moja asubuhi bosi akapiga simu kutoka wilayani.

"Kamati inakuja leo kukagua josho. Wamechagua la kwako, wamependa ripoti zako."

"Bosi, unajua dawa haipo."

"Ninachojua ni ulichoandika. Wakikuta halifanyi kazi, kazi huna."

Nina watoto wanne! Bahati nzuri mvua ilishalijaza josho nusu. Dawa halisi ikiingia kwenye maji huwa nyeupe kama maziwa. Basi nikachukua gunia la unga wa sembe la mke wangu, nikamwaga lote, nikakoroga. Kwa mbali, dawa kabisa. Jirani yangu Mzee Maduhu akaleta ng'ombe wake ishirini, akijua ni dawa kweli. Akanishukuru mpaka nikaona haya.

Msafara ulitakiwa saa nne. Ukafika saa tisa. Ng'ombe wako juani muda wote huo. Na somo la kwanza ninalowafundisha wafugaji ni hili: kabla ya kuogesha, nywesha ng'ombe, wasije wakanywa dawa. (Leo mwalimu kasahau.)

Ng'ombe wa kwanza akashuka joshoni. Akasimama. Akainamisha kichwa, akanywa. Wa pili akanywa. Wa tatu akalamba hadi ukuta.

"Yaya, hapana! Ng'ombe wangu!" Mzee Maduhu akapiga yowe. "Ng'wanawane, mwanangu, wanakunywa sumu! Wanakwisha!" Akavua koti, anataka kuruka ndani awatoe kwa mikono. Mzee wa watu analia machozi.

"Bwana mifugo, fanya kitu!" akafoka mwenyekiti wa kamati.

Nikamtazama bosi. Nikamtazama mzee. Roho ikaniuma.

"Hawatakufa, mheshimiwa."

"Una uhakika gani?"

"Ni uji."

Ng'ombe wakaendelea kunywa.

"Dawa uliomba?" akauliza mwenyekiti.

"Barua tano, mheshimiwa. Zote kwa bosi."

Akamgeukia bosi. Bosi akasema zinafanyiwa kazi.

"Kama josho?"

Tumepewa siku saba tujieleze kwa maandishi, mimi na bosi, na idara ieleze ruzuku ilipo. Mzee Maduhu hanisemeshi. Ng'ombe wake wamegoma kutoka joshoni.

Sasa niko njiani kurudi nyumbani, na tafadhali asicheke mtu. Mke wangu ametuma ujumbe: "Gunia la unga liko wapi?"

Kamati hii haitoi siku saba.