Wiki ya Kumpoza Waziri

Jumatatu, 22 Septemba 2025

Kasulu inaungua. Mvua bado. Daktari Ghati, mpangaji mwenzangu, kaenda semina Kibondo mpaka Ijumaa, kaniachia mbwa wake, Waziri. Limbwa kubwa, manyoya kama blanketi la hoteli! Alitoka naye kwao Tarime. Kanishika mkono, kasema, kaka Longinus, hapa Kasulu sina ndugu mwingine, joto lisije likanichukulia huyu. Nikamwambia alale usingizi. Nimekaa Dar mimi, nimelea mbwa wa Masaki wanaolala na kiyoyozi! (Nilifyeka majani pale wiki mbili. Mbwa niliwaona dirishani. Kuona nako ni elimu.)

Odilia, jirani yetu mpika pombe ya ndizi, akadakia kuwa mbwa anataka maji na kivuli, basi. Maji na kivuli! Huo si ushauri wa kuku?

Jumanne, 23 Septemba

Bati linalia ka! ka! ka! Waziri anahema, ulimi unaning'inia kama tai ya afisa. Nimempeleka kwa Yusuph kinyozi, nikasema toa manyoya yote. Yusuph akauliza, na ndevu? Kapitisha mashine mstari mmoja, shingoni mpaka mkiani, umeme ukakatika. Sasa Waziri ana barabara ya lami mgongoni.

Odilia kacheka mpaka kakaa chini. Kisha akanigeuka. We Longi, manyoya ni nyasi za paa lake, ndizo zinazuia jua. Wewe ulikimbia nyumba ya nyasi ukaja kuungua kwenye bati, sasa unataka kumwezeka bati na mwenzio?

Mwanamke ana kichwa! Hajavuka hata mpaka wa Mabamba, lakini ukimsikia utadhani kasoma Ulaya. Sikumwambia.

Jumatano, 24 Septemba

Asubuhi wazo likanishukia. Ardhini kuna baridi! Na Odilia ana shimo nyuma ya migomba, la kuvumbikia ndizi. Kalitoa ndizi jana jioni, li tupu. Nikapapasa majani ya juu: baridi. Nikamteremsha Waziri, nikamfunika kwa majani ya migomba, juu gunia, ili baridi isitoroke. Nikamwachia tundu la pua. Kazi safi.

Nikatoka kidogo kununua soda ya kujipongeza. Njiani nikakutana na Mzee Ndihokubwayo wa Rungwe Mpya, mjomba wa marehemu baba. Salamu ya Kiha haikatwi. Tukapiga makofi. Akauliza watu wa nyumbani. Akauliza mahindi. Akauliza ng'ombe, nikasema sina, akauliza kwa nini sina. Makofi tena. Nikaanza kumpigia Waziri hesabu ya muda, nikaona aibu: mtu mzima anakusalimia, wewe unawaza mbwa?

Narudi, nasikia Odilia anapiga yowe. Kumbe shimo lile huwashwa moto kwanza, ndizi ziive! Ukuta wake unashika joto siku mbili. Mimi mtoto wa Muha, nimekunywa pombe ya ndizi tangu meno ya kwanza, nimesahau inavyoivishwa!

Odilia alikuwa kamtoa peke yake. Kambeba kilo arobaini kama mtoto mchanga, kamlaza kivulini, kwenye udongo mbichi. Anamlowesha miguu na tumbo kwa maji ya mtungi, taratibu, huku anampepea kwa jani. Anampa anywe kidogo, anasubiri, kidogo tena. Waziri kafumba macho. Nikapiga magoti. Nikamwomba Mungu, nikamwomba na mbwa radhi. Saa nzima.

Halafu mkia ukagonga ardhi. Mara moja.

Nililia. Odilia akaniambia, acha kulia, chota maji.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimechota maji. Ndoo kumi na mbili. Waziri ananukia ndizi mbivu.

Ijumaa, 26 Septemba

Ghati karudi. Kaona barabara ya lami, nikasema ndiyo mitindo ya Masaki. Waziri kamrukia, kamlamba, kisha kaenda kujilaza kwenye migomba ya Odilia. Ghati akaniangalia. Nikashindwa kuficha. Nikamweleza yote, shimo, gunia, soda. Akaenda moja kwa moja mpaka migombani. Kisha akamkumbatia Odilia, wakalia wote wawili, akaniambia mimi ni mjinga lakini si mwongo. Hakuna aliyewahi kunisifu hivyo.

Odilia! Angekuwa Dar angeitwa profesa.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimewaza usiku kucha. Kosa si shimo. Kosa ni moto! Shimo jipya, lisilowahi kuonja ndizi, refu mara mbili, magunia mawili. Mwalimu Zena anasafiri wiki ijayo, ana paka mwenye watoto wanne. Nimeshamwahidi.

Nimekwenda kuazima jembe kwa Odilia. Akaniangalia, akaingia ndani, akaniletea mpini mtupu.

Maskini, kazi zimemzidi, kasahau chuma. Kesho nitamkumbusha.