Wote Kumi na Wawili Hawaniogopi

Jumatatu, 3 Machi
Sura ya nne ya kitabu changu imekamilika! Nimethibitisha kwamba mtawala wa mabavu hajui kinachoendelea nchini mwake, kwa kuwa watu humwogopa na kumwambia anachotaka kusikia. Miaka sita ya utafiti! Ijumaa idara inachagua mkuu. Kiti hiki nimekikalia miaka minane, na mhadhiri wa chumba cha pili, Miwani, anakimezea mate. Nikishindwa, narudi kwenye kile chumba cha karibu na choo. Sirudi! Dawa ni dodoso la siri. Nitajua mapema nani wangu na nani mnafiki.

Jumanne, 4 Machi
Dodoso tayari. Je, unamwogopa mkuu wa idara? Je, utampigia kura? Hakuna kuandika jina, mimi ni mtaalamu wa uwazi bwana. Katibu muhtasi akauliza kwa upole mbona kila karatasi ina namba. Za kuhesabia tu, nikamwambia. Akauliza mbona daftari langu lina namba zilezile, na majina pembeni. Mama huyu ana maswali!

Jumatano, 5 Machi
Wahadhiri wamelijazia ofisini kwangu, mmoja mmoja. Nilisimama nyuma yao, kwa ajili ya ufafanuzi. Wote kumi na wawili hawaniogopi. Wote watanipigia kura. Hata Miwani! Alipomaliza aliniinamia mara mbili, akatoka kinyumenyume. Nadhani aliguswa.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu kaona matokeo, kacheka hadi kaketi sakafuni. Akaniuliza, baba watoto, hiyo sura ya nne umeisoma? Nikamjibu niliiandika mwenyewe, niisome ya nini? Wivu tu. Hotuba ya ushindi imefika kurasa tisa.

Ijumaa, 7 Machi
Wameweka pazia mbele ya sanduku la kura. Nilipinga, wakanizidi nguvu. Miwani kumi na mbili, mimi moja. Hiyo moja ni yangu. Nimeumia, sifichi. Kisha wakaja kunipa pole, na kila mmoja akaninong'oneza kwamba yeye alinipigia mimi. Wote kumi na wawili!

Jumamosi, 8 Machi
Chumba kipya kina unyevu na harufu. Lakini kosa nimeligundua. Sura ya nne haina neno, sijaigusa. Tatizo ni dodoso: halikuwa na sahihi! Mtu asiyetia sahihi atakwambia lolote. Nimeandaa jingine. Jina kamili, sahihi, mashahidi wawili. Swali ni moja tu: Je, Jumatano ulisema kweli?