Miaka Kumi ya Taasisi ya Fasihi na Tabianchi

Mheshimiwa Meya wa Seorim. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo. Mheshimiwa aliyekuwa Mwenyekiti, ambaye mioyoni mwetu bado ni Mwenyekiti. Waheshimiwa mliotuma mashada ya maua yenye riboni za majina yenu lakini wenyewe hamkufika. Maprofesa, na wanafunzi mlioahidiwa alama za mahudhurio: mimi, Dokta Maeng Byeong-ho, Rais wa Chuo hiki kwa kipindi cha tatu mfululizo, nawasalimu! (Makofi.)

Leo tunamuaga Profesa Pyo Hae-rim, anayestaafu baada ya miaka thelathini ya kutufundisha, kwa nadharia ya uhakiki, kwamba ukisoma riwaya ya kiwandani usiulize tu nani kampenda nani, uliza na moshi ule aliuvuta nani. Mimi sikumwelewa, lakini nilimuunga mkono kwa asilimia mia moja na kumi! (Makofi. Profesa Pyo anainua mkono.) Subiri kidogo, Profesa, zamu yako inakuja.

Ni mimi, ndugu zangu, niliyebuni Taasisi ya Fasihi na Tabianchi, chombo mtambuka, jumuishi na shirikishi, ambacho kwa mujibu wa upembuzi yakinifu kimepandisha uelewa kwa asilimia themanini na saba Korea nzima. Na ni kwa kuniamini mimi Profesa alitoa maktaba yake yote, kila ukurasa una mwandiko wake pembeni, iwe ya wanafunzi wake.

(Profesa Pyo: "Rais, miaka kumi nauliza. Vitabu vyangu viko wapi?" Mwanafunzi, kutoka nyuma: "Mjibu mwalimu wetu, mzee!")

Swali zuri! Viko katika mzunguko wa uchumi wa kijani. (Minong'ono.) Hebu semeni nami: Nadharia! (Wakuu wa idara: "Juu!") Hewa chafu! ("Juu!") Chini, jamani, chini!

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wajenzi, ambao hatukuwaita kamwe, kwani jengo la taasisi lisilojengwa halitoi moshi, na kwa hilo taasisi yetu imepewa tuzo. Nakishukuru kiwanda cha karatasi, kilichovizoa vitabu ghalani bila kutudai hata senti. Na wewe, Profesa, ahsante sana: vikombe hivi vya karatasi tunavyonywea kahawa leo ndiyo matunda ya kazi yako. (Watu wanatazama vikombe mikononi. Hakuna anayepiga makofi. Profesa Pyo anakiweka chake chini, taratibu.)

Kunyweni, jamani! Mbona mmeacha? Vikombe bado vipo tele.